Kusoma masta ya usimamizi bila kuacha kazi: mambo ya kuangalia mbele ya kulipa

Wakati mwaka wa masomo unakaribia, matangazo ya "Executive MBA" yanaongezeka. Yanaita mufanyakazi wa banki, comptable wa kampani ya madini, infirmier titulaire, mukubwa wa shule, mwenye kusimamia shirika. Kwa njia ya WhatsApp yanatoka Lubumbashi na kufika mpaka Mitwaba, fasi kwenye mutu anaweza kumaliza miaka kumi ku kazi bila kuingia tena ndani ya chuo kikuu. Ahadi ni moja tu: utasoma, utapata diploma ya masta, na hautaacha kazi.

Ahadi hiyo inaweza kuwa ya kweli. Lakini mutu mwenye kazi na jamaa hasomi na feza ya kuchezea. Analipa na mushahara wake, na mara nyingine na makuta yaliyokuwa ya minerval ya watoto. Analipa tena na miaka miwili ya maisha yake. Kwa hiyo swali la kwanza si "shule gani iko na jina kubwa?" Swali ni hili: karatasi hiyo itafungua mulango gani, na ule mwenye kulinda mulango ataikubali?

MBA ni nini, na "executive" ni nini

MBA ni masta ya usimamizi wa biashara. Masomo ya namna hiyo yalianza Marekani. Chuo kikuu cha Harvard kilifungua yake mwaka wa 1908. Mwanzoni yalikuwa ya vijana wenye kusoma muchana, siku zote za juma. Mwaka wa 1943, chuo kikuu cha Chicago kilianzisha namna ingine kwa ajili ya watu wenye kuwa tayari ku kazi. Ndiyo ile inaitwa sasa Executive MBA.

Tofauti haiko katika jina tu. MBA ya kawaida inamufundisha mutu mwenye kutafuta kazi ya kwanza ya uongozi, ao mwenye kutaka kubadilisha kazi. Ile ya "executive" inamupokea mutu ambaye tayari anaongoza watu, stoki, duka ao budget. Shule nyingi za namna hiyo zinaomba miaka tano ya kazi ao zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya masomo inatoka kwa wanafunzi wenyewe: mwenye kazi ya banki anaeleza namna deni linatolewa, mwenye kazi ya muchimbo anaeleza namna mashini inasimama na hasara inaanza. Kama shule inapokea kila mutu, hata mwenye hajafanya kazi siku moja, hiyo ni masta ya kawaida yenye jina la kupendeza. Inaweza kuwa masomo mazuri, lakini mutu ajue anauziwa nini.

Kuna pia "certificat executive". Hiyo ni mafundisho ya siku chache ao miezi kidogo, na mwishoni wanatoa cheti. Inaweza kusaidia sana ku kazi, lakini haiko diploma ya chuo kikuu na haipandishe mutu kutoka lisansi kufika masta.

Neno "lisansi" liko na maana mbili

Ku Congo, watu wengi wanapotea hapa. Katika mupango wa zamani, mutu alifanya graduat miaka tatu, kisha lisansi miaka mbili. Mwenye lisansi alikuwa amesoma miaka tano kisha Diplôme d'État. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mupango wa LMD: lisansi miaka tatu (kredi 180), masta miaka mbili (kredi 120), kisha doctorat. Mupango huo ulienezwa katika vyuo vyote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022.

Kwa hiyo leo, wafanyakazi wawili katika biro moja wanaweza kusema wote "niko na lisansi", na mumoja amesoma miaka tano, mwingine tatu. Jambo hilo linaleta matokeo matatu kwa mwenye kutaka kuendelea:

– Mwenye lisansi ya zamani, akiandikia shule ya inchi ingine, asitume diploma peke yake. Atume pia relevé de cotes za miaka yote tano, na barua yenye kueleza mupango wa zamani. Bila hiyo, wanaweza kumuhesabia miaka tatu.

– Mwenye graduat ya zamani asilipe masta kama hajaambiwa, kwa maandishi, namna chuo kinahesabu graduat yake. Vyuo vinaweza kuomba mwaka wa kujazisha masomo. Mwaka huo pia unalipwa.

– Mwenye lisansi ya LMD anaweza kuomba masta mara moja, lakini aangalie kama eneo lake la masomo linakubaliwa. Infirmier ao mwalimu anaweza kuombwa kusoma kwanza comptabilité na economie.

Nani atatambua diploma

Hapa ndipo feza nyingi zinapotea, na kuuliza si ujinga.

Katika mupango wa Congo, cheo chenye kutambuliwa kinaitwa masta. "MBA" ao "Executive" ni jina la programu. Kwa hiyo mutu aombe kuona muundo wa diploma yenyewe: juu yake wataandika "Master" katika eneo gani? Na ni masta "professionnel" ao masta ya "recherche"? Ile ya kwanza inatayarisha kwa kazi. Mwenye kuwaza kuwa assistant ku chuo kikuu ao kufanya doctorat atafute kwanza kujua kama ile ya professionnel itamuruhusu.

Kwa chuo cha serikali, kama vile Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, swali la uhalali wa chuo halisumbue. UNILU ina mizizi katika chuo kilichoanzishwa Elisabethville mwaka wa 1955. Mwaka wa 1971 kiliingizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre pamoja na vile vya Kinshasa na Kisangani, na mwaka wa 1981 kikarudilia kujitegemea. Lakini hata pale, mutu aulize kama programu anayotaka ni ya faculté yenyewe, ao ni ya kituo chenye kukodi vyumba vya masomo tu.

Kwa chuo cha mutu binafsi, kuna mambo mawili ya kuomba. La kwanza ni ruhusa ya serikali, wanaita agrément: numero yake, tarehe yake, na kama inahusu masta ao lisansi tu. La pili ni entérinement, ni kusema kuthibitishwa kwa diploma na Wizara ya elimu ya juu. Mutu aulize wanafunzi waliomaliza miaka tatu ao ine iliyopita: je, diploma zao zilitoka kweli, ao bado wanatembea na attestation?

Kwa chuo cha inchi ingine, diploma itaomba équivalence ya Wizara hiyo ku Kinshasa kama mwenye nayo anataka kuitumia ku kazi ya serikali. Patroni wa kampani binafsi anaweza kukubali bila hiyo, lakini serikali ina sheria zake.

Matangazo mengi yanasema pia "inatambuliwa kimataifa". Neno hilo peke yake haliseme kitu. Katika shule za biashara, alama zenye kujulikana sana duniani ni tatu: AACSB, yenye kuanzishwa Marekani mwaka wa 1916, AMBA, yenye kuanzishwa London mwaka wa 1967, na EQUIS, ya muungano wa shule wenye biro Brussels. Kila moja iko na liste ya shule zake ku intaneti, na kila mutu anaweza kuitazama bila kulipa. Shule isiyo ku liste haiko lazima mbaya. Shule nyingi nzuri za Afrika hazina alama hizo. Lakini shule yenye kusema iko nazo, na jina lake halionekane, imeshajibu yenyewe.

Kama wanasema kuna chuo cha Ulaya ao cha Amerika chenye kushirikiana nao, swali ni moja: nani atatia sahihi ku diploma? Kama ni chuo cha hapa peke yake, basi diploma ni ya hapa, hata kama profesa mumoja anakuja na ndege.

Hesabu ya masaa

Katika mupango wa LMD ya Congo, kredi moja inahesabiwa kuwa masaa 25 ya kazi: masomo mbele ya mwalimu pamoja na kazi ya mutu mwenyewe. Masta ya kredi 120 ni masaa 3.000. Ukigawanya juu ya miaka miwili, inakuwa karibu masaa 30 kila juma, hata wakati wa konje.

Sheria ya kazi ya Congo inaweka mwisho wa kazi kwa masaa 45 kwa juma. Ukiongeza 30, inakuwa 75. Kisha kuna safari, watoto, kanisa, matanga. Ndiyo maana programu za kweli za wafanyakazi zinafanya moja ya mambo haya: zinanyoosha masomo mpaka miaka mitatu, ao zinahesabia kazi ambayo mutu amekwisha kufanya, ao zinatoa kredi 60 tu kwa mwenye kufika na miaka ine ao tano ya chuo kikuu. Zote zinaeleweka. Lakini programu yenye kusema kredi 120, miaka miwili, siku za posho mbili tu kwa mwezi, iulizwe masaa mengine yanafanywa wapi na nani anayasahihisha.

Mwenye kujipima anaweza kufanya hivi: kwa majuma mane, achukue masaa 15 kila juma asome kitabu cha comptabilité ao kujifunza kutumia tablo za kompyuta. Akishindwa majuma hayo mane, miaka miwili itamushinda pia, na afazali kulijua mbele ya kutoa feza ya kwanza.

Mitwaba haiko Lubumbashi

Kwa mukaaji wa Lubumbashi, masomo ya mangaribi na ya siku ya posho yanawezekana. Kwa mutu wa Mitwaba, programu hiyohiyo ni kama haiko. Barabara inapita Likasi na kupanda kaskazini, mamia ya kilometre, na katika majira ya mvua, kuanzia Novemba ao mbele mpaka Aprili, motokari inaweza kulala njiani. Hakuna patroni atakubali mufanyakazi asafiri hivyo mara mbili kwa mwezi.

Kwa mukaaji wa teritware, kuna namna mbili zenye kuwezekana. Ya kwanza ni masomo ya vipindi: mwanafunzi anakuja juma moja ao mbili mufululizo, kisha anarudi ku kazi na kazi za kufanya nyumbani. Akiweza kupanga vipindi viwili vikubwa wakati wa kiangazi, barabara haitamuangusha, na anaweza kutumia siku zake za konje.

Ya pili ni masomo ya mbali. Mutu asiulize tu "mutafundisha ku intaneti?" Aulize: masomo yanarekodiwa? Vitabu vinapakuliwa mara moja na kusomwa bila rezo? Egzamini inafanyiwa wapi? Kwa mwenye kuishi na panneau solaire na rezo yenye kuja na kwenda, programu yenye kumulazimisha kukaa mbele ya kamera masaa matatu kila mangaribi haimufai, hata ikiwa nzuri namna gani.

Saa pia ina kazi yake. Masomo ya Kinshasa ya 18h yanaanza 19h ya Haut-Katanga, mutu ametoka ku kazi. Masomo ya Nairobi ao Arusha ya 18h yanaanza 17h ya hapa, wakati wengine bado wako ndani ya biro.

Kusoma hapa, Zambia, Arusha ao kwa mbali

Mwenye kusoma Lubumbashi anapata faida mbili: Kifaransa, na sheria za hapa. Congo iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, na tangu 1 Januari 2018 kampani zinafuata hesabu za SYSCOHADA mupya. Mwenye kazi ya comptabilité, banki, kodi ao sheria za kampani anapashwa kupata mambo hayo ndani ya masomo. Zambia, Kenya, Tanzania na Afrika ya Kusini haziko ndani ya OHADA. Masta ya kule haitamufundisha namna ya kufunga bilan ya kampani ya Likasi.

Ng'ambo ya Kasumbalesa kuna Copperbelt University ya Kitwe, iliyoanzishwa mwaka wa 1987, na Chuo Kikuu cha Zambia ku Lusaka. Arusha kuna ESAMI, shule ya usimamizi ya serikali za Afrika mashariki na kusini. Nairobi kuna Strathmore Business School. Kwa masomo ya mbali, UNISA ya Afrika ya Kusini inafundisha kwa njia hiyo tangu 1946. Pote ni Kingereza. Kwa mwenye kazi ya usafirishaji, douane ao uuzaji, hiyo ni faida: bidhaa nyingi za Katanga zinapita Zambia na Dar es Salaam, na Congo ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Lakini Kingereza cha kusalimiana si Kingereza cha kuandika mémoire ya kurasa 80. Mwenye hakijue vizuri ahesabie mwaka moja wa kukijifunza, na feza yake.

Feza na patroni

Minerval ni sehemu moja tu. Budget ya kweli inaongeza maandikisho, feza ya kuweka mémoire na ya kuitetea, diploma yenyewe, safari, kulala, chakula, intaneti, kompyuta, na siku zisizolipwa ku kazi. Mutu aombe liste yote kwa maandishi, kwa dola ao kwa franka, na aulize kama bei inaweza kupandishwa katika mwaka wa pili. Feza ilipwe ku banki, ku compte ya chuo, na bordereau ibakie nyumbani. Feza yenye kupewa mutu ku mukono haina shahidi.

Kama patroni analipa, hiyo ni baraka, lakini ina karatasi yake. Mara nyingi wanaomba mufanyakazi abakie miaka fulani kisha masomo, ao arudishe feza akitoka mbele. Mufanyakazi asome hiyo karatasi mbele ya kutia sahihi: ni miaka ngapi? Inaanza kuhesabiwa siku gani? Na kama patroni mwenyewe ndiye anafunga kazi, nani atarudisha?

Kama patroni halipi, bado anaweza kutoa kitu: siku za posho zisizo na kazi, ao ruhusa wakati wa egzamini. Iandikwe. Mukubwa anabadilika, na neno la mukubwa wa zamani halimufunge mupya.

Mara nyingine dawa si masta

Kuna watu wanaotafuta MBA na shida yao ni ingine. Mwenye kutaka kufungua kampani ya sous-traitance, kazi ambayo sheria ya 8 Februari 2017 imewekea Wakongomani, anahitaji zaidi kujua kuhesabu bei, kulipa kodi na kuandaa dosye ya soko. Memba wa kamati yenye kusimamia feza za madini za chefferie ao secteur anahitaji kujua kusoma budget na kufanya ripoti ambayo wakaaji wataelewa. Tangu Code minier ya 2018, asilimia 15 ya redevance minière inapashwa kwenda kwa ETD ya mahali pa muchimbo. Feza hiyo haingoje mutu amalize miaka miwili.

Kwa shida za namna hiyo, INPP, iliyoanzishwa mwaka wa 1964 na yenye kufanya kazi Lubumbashi, inatoa mafundisho mafupi, na patroni tayari wanailipa mchango kila mwezi. Mufanyakazi anaweza kumuuliza patroni wake: mchango huo tunautumia namna gani?

Masta inafaa wakati mulango uko wazi na karatasi peke yake ndiyo inakosekana: cheo ambacho sheria ya kazi yako inaomba masta, kampani ambayo imesema waziwazi kwamba mukubwa wa departement anapashwa kuwa nayo, ao kazi ambayo mutu anaifanya tayari lakini analipwa kama musaidizi.

Maswali ya kubeba ku apparitorat

1. Ruhusa ya chuo ina numero na tarehe gani, na inahusu masta hii?
2. Juu ya diploma mutaandika nini, na nani atatia sahihi?
3. Diploma yangu ya sasa inanipa kuingia mwaka gani?
4. Ni kredi ngapi, na masaa mangapi mbele ya mwalimu?
5. Walimu ni nani, na ni wangapi wako na doctorat?
6. Bei yote ni ngapi mpaka siku ya diploma?
7. Nikikosa kipindi kimoja juu ya kazi ao barabara, ninarudilia namna gani, na kwa feza ngapi?
8. Ni wangapi walianza miaka miwili iliyopita, na ni wangapi walimaliza?

Chuo chenye kazi ya kweli kina majibu ya maswali haya, na mengi kati yake yameandikwa tayari. Swali la nane ndilo linafunua mengi zaidi. Mwenye kuuliza atoke pia inje, atafute wanafunzi wawili waliomaliza, aombe kuona diploma zao, na kuwauliza kama kazi yao imebadilika. Kama hakuna hata mumoja wa kuonyesha, feza ikae kwanza nyumbani.